Pima Kabla ya Kulaumu

Ulimi wa mwanadamu ni mwepesi kuliko mguu wake. Hufika penye lawama kabla mguu haujafika penye ushahidi. Nataka kukusimulia, msomaji wangu, jinsi ulimi wangu ulivyonitangulia siku moja, na jinsi mguu ulivyolazimika kuufuata kwa aibu.

Nakaa Mji wa Kale, Mombasa, katika nyumba iliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na unene wa kuta zake hupata dhiraa nzima. Mji huu ni mlango wa mtandao: mwaka 2009 nyaya za SEACOM na TEAMS, zipitishazo habari kwa nuru chini ya bahari, zilifika pwani yetu. Walakini nyumbani mwangu, hatua chache tu toka baharini, mtandao ulikuwa ukienda mwendo wa kobe.

Binti yangu alikuwa amealikwa kuhojiwa na chuo kimoja kwa njia ya video, ili apate ufadhili wa masomo. Mara tatu sura yake iliganda na sauti ikakatika, hata wahoji wakaahirisha mahojiano mpaka Alhamisi. Nilipomwona akifuta machozi, hasira zilinipanda. Niliilaani kampuni iniuziayo mtandao; kisha nikatoka mbio hadi barazani kwa jirani, nikamwambia mbele ya watu kuwa mwanawe wa miaka 14 huiba waifai yangu. Kijana alinyamaza. Mama yake aliniuliza kwa upole, "Bwana, umemshika, ama umemdhania?" Sikuwa na jibu.

Usiku ule nilianza kupima, kama ilivyonipasa kufanya mapema. Kwanza, nilifungua ukurasa wa mipangilio ya ruta, mahali panapoorodheshwa kila chombo kilichounganishwa nayo. Nilikuta vitano, na vyote vilikuwa vyetu. Kijana hakuwamo.

Pili, niliunga tarakilishi na ruta kwa waya, nikazima vyombo vingine, nikapima. Nilikuwa nalipia megabiti 20 kwa sekunde, nilipata 19. Yafaa ujue kuwa megabiti si megabaiti. Biti 8 hufanya baiti 1. Kwa hiyo megabiti 20 ni megabaiti 2.5 tu, na wengi hudhani wamepunjwa kwa kutojua hesabu hii. Kampuni nayo haikuwa na hatia.

Tatu, nilichomoa waya, nikapima kwa waifai. Karibu na ruta nilipata 17. Chumbani mwa binti yangu sikupata hata 2. Basi ugonjwa haukuwa kabla ya ruta, bali kati ya ruta na chumba.

Hapo kati palikuwa na nini? Ruta ilikuwa sakafuni, nyuma ya kabati la chuma, kando ya pipa la maji ya akiba. Waifai ni mawimbi ya redio: chuma huyarudisha, maji huyameza, na ukuta mnene huyadhoofisha. Ni nani aliyeificha ruta pale? Ni mimi, kwa kuwa niliona yaharibu uzuri wa sebule. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa nyuma ya kabati langu.

Niliihamisha, nikaiweka juu ya rafu katika ujia, katikati ya nyumba, palipo wazi. Ruta yangu hutumia masafa mawili. Yale ya gigahazi 5 yana kasi, lakini huchoka upesi penye kuta. Yale ya gigahazi 2.4 hufika mbali zaidi, lakini hugombaniwa na ruta za majirani, na hata jiko la maikrowevu huyavuruga. Kwa chumba kile cha mbali nilichagua 2.4, na katika mikondo ya 1, 6 na 11, ambayo haiingiliani, nikashika ule uliotumiwa na wachache. Nikapima tena chumbani, nikapata 11. Alhamisi ilipowadia, binti yangu alizungumza na wahoji dakika 40 bila kukatika.

Lakini kabla ya Alhamisi hiyo nilikuwa na safari nyingine, fupi kwa hatua, ndefu kwa moyo. Nilirudi barazani kwa jirani wakati watu wale wale wameketi, nikamwomba kijana radhi kwa sauti ile ile niliyomshtakia. Alinisamehe kwa maneno. Walakini zilipita wiki nyingi kabla hajaniamkia tena kwa uchangamfu. Ruta huhamishwa kwa dakika moja. Jina la mtu lililochafuliwa halisafishwi kwa dakika moja.

Kwa hiyo, msomaji wangu, mtandao wa nyumbani kwenu ukizorota, tazama orodha ya vyombo, pima kwa waya, pima bila waya, kisha chunguza kilicho kati. Ukimaliza hayo yote, na bado wataka kumlaumu mtu, utakuwa umekwisha kumjua ni nani.