Mwenye Mwavuli

Nyumba ya bibi pale Zuzu ilikuwa tembe: kuta za udongo, paa la udongo, na mwanga ulioingia kwa mlango tu. Ukutani, mkabala na mlango, alibandika picha, ukurasa wa kalenda aliyopewa na padre mmoja Mwitaliano. Mwaka wake ulikuwa umekwisha zamani. Bibi alikata tarehe, akabakiza picha.

Picha ilikuwa ya mama mrefu, mweupe, gauni jeusi, kola pana nyeupe shingoni. Nyuma yake kijana mweusi amemshikia mwavuli mwekundu.

Wageni walimtazama mama yule. Bibi hakuwa na habari naye. Jioni moja, treni ya reli ya kati ikiwa imeshapita kuelekea Kigwe, naye anasonga ugali wa uwele, aliniuliza:

"Mjukuu wangu, wewe unasoma. Huyu mwenye mwavuli ni wa ukoo gani?"

Kwetu mgeni akishasalimiwa "Mbukwenyi", huulizwa ukoo wake. Nilimsomea yaliyoandikwa chini ya picha: jina la mchoraji, jina la mama.

"Na huyu?"

"Hakuandikwa, bibi."

Alinyamaza. Akachochea moto.

Ukubwani nilijua kwamba picha ile ilichorwa Genova mwaka 1623 na Anthony van Dyck, na kwamba mama yule ni Elena Grimaldi Cattaneo, wa ukoo wa mabwanyenye wa mji huo. Sasa iko Washington, National Gallery of Art, na kimo chake kinakaribia mita mbili na nusu. Mchoraji amempandisha Elena hata mtazamaji anainua macho kama mtoto mbele ya mtu mzima, na mwavuli umemzunguka kichwa mithili ya taji. Taji hilo limebebwa na mkono wa mtu mweusi.

Karne hiyohiyo Unguja ilikuwa na malkia, Mwana Mwema, aliyefukuzwa na Wareno miaka ya 1650. Yeye jina lake tunalo, sura yake hatuna. Kijana wa Genova tunayo sura yake, kila mahali uso wake ulipoangukiwa na nuru, lakini jina hakuna aliyelitunza. Jambo hilo bado linaniuma.

Tembe la bibi liliporomoka masika moja baada ya kufa kwake, na picha ikaenda na ukuta. Wewe ukibahatika kuiona mahali popote, anza na mwenye mwavuli. Msalimie, umuulize ukoo wake.