Majina Niliyoyakata

Hapa Kalemie, mji wa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, wananijua kama mtu wa sebene, ile sehemu ya wimbo wa rumba ambapo gitaa linashika moto na watu wanacheza. Ukitaka bendi ya Zaiko ya jukwaani, si ya studio, unaniletea flash na franka zako, nakujazia. Sifa hiyo ilinilevya. Nikipata rekodi mbili za wimbo uleule uliopigwa usiku tofauti, nilijifanya hakimu: hii ibaki, ile itupwe.

Mwenye masikio ya rumba ananielewa. Kwenye santuri ndogo za zamani wimbo ulipewa dakika chache kila upande, na mara nyingi sebene ilikusubiri nyuma. Jukwaani hakuna kugeuza santuri. Solo inakwenda kadiri wachezaji wanavyotaka, na tangu Zaiko Langa Langa walipoingiza atalaku mwanzoni mwa miaka ya 1980, kuna mtu ambaye kazi yake ni kuwachochea kwa kelele. Ndiyo maana watu wazima wenye wake na watoto bado wanakosana juu ya maonyesho ya mwaka 2000 kwenye ukumbi wa Bercy, Paris: kati ya waimbaji Koffi na Werrason, nani aliwasha moto zaidi.

Kosa langu halikuwa Bercy. Lilikuwa kwenye kaseti za bendi za humu mjini, zilizorekodiwa kwa redio iliyowekwa mezani karibu na spika. Sebene ikishika moto, mwimbaji anatupa mabanga: mwenye boti la Kigoma, mama wa ndagala, fundi wa reli aliyetoka kupokea mshahara, kila aliyepeleka noti jukwaani anatajwa. Mimi niliona hiyo ni takataka inayofunika gitaa. Nilipohamishia kaseti kwenye kompyuta nilikata kila jina, nikaunga gitaa na gitaa mpaka mshono hausikiki, nikajipongeza. Kaseti zenyewe zilikuwa zimeota ukungu kwa unyevu wa ziwa. Nikazitupa.

Kisha akaja papa mmoja, ndivyo tunavyomwita mzee hapa, kutafuta usiku ambao marehemu mdogo wake, fundi wa boti, alitajwa. Wimbo aliukumbuka, mwaka hapana. Nikamwekea rekodi zangu mbili za wimbo huo, safi kabisa. Akasikiliza ya kwanza, akasikiliza ya pili.

“Sasa mwanangu, ule usiku wetu ni upi hapa?”

Sikuwa na jibu. Mpiga solo alikuwa yuleyule, na vionjo vyake vilevile, kwa kuwa mpiga gitaa mzuri naye ana mazoea. Kilichotenganisha usiku mmoja na mwingine ni nani alikuwepo ukumbini, na hilo ndilo nililolifuta kwa mkono wangu. Nilikuwa nikilinganisha rekodi baada ya kuziondolea tofauti zao.

Mtu atanitetea kwamba mabanga yameharibu muziki. Nakubali, tena kwa moyo wote: siku hizi kuna nyimbo zenye majina mengi ya wafadhili kuliko maneno ya wimbo. Lakini hiyo ni hoja ya kumpelekea mwimbaji, haikunipa mimi ruhusa ya kushika mkasi. Kanda za tamasha la Zaïre 74, lililofanyika Kinshasa Septemba 1974 kabla ya bondia Muhammad Ali kumpiga George Foreman, zilikaa zaidi ya miaka 40 ndipo mwaka 2017 ikatoka albamu ya wanamuziki wa Afrika waliopiga pale, Franco na Rochereau wakiwemo. Heri zilikaa kabatini. Zingepita mikononi mwangu, zingetoka fupi.

Papa aliondoka na rekodi zote mbili. Sikumtoza. Hakunigombeza pia, na hilo liliniuma kuliko matusi.

Vijana bado wanakuja kutaka sebene tupu ya harusini, bila maneno. Nawakatia, wananilipa, ndiyo kazi yangu. Ila rekodi nzima sasa inabaki kwangu, na kelele zake zote, na pembeni naandika majina ninayoyasikia. Mengine sauti imekwaruza, siyashiki. Hayo nawauliza wazee wa bandarini.