Niliahidi Riba Isiyoandikwa

Wenzangu wa kikundi cha akiba hapa Kyambogo, Kampala, walikwisha kunisikia nikikiri kosa hili mkutanoni, kwa maneno machache na ya haraka. Leo naliandika lote, kwa sababu siku ile niliruka yale yanayoniaibisha zaidi.

Mwaka 2022 nilikuwa mweka hazina. Sisi ni walimu, makarani na mafundi wa maabara, watu wa kungoja mwisho wa mwezi. Ulikuwa mwaka mgumu. Sabuni ya mche na mafuta ya kupikia vilipanda bei mfululizo, petroli nayo ikapita shilingi 6,000 kwa lita. Aliyekuwa na akiba aliiona ikipungua nguvu huku tarakimu zake zikibaki zile zile.

Mwezi Mei binamu yangu anayeishi Waltham, Massachusetts, ambako Waganda ni wengi, aliniandikia kwamba serikali ya Marekani inauza hati za akiba ziitwazo I Bond, na kwamba riba yake imefika asilimia 9.62 kwa kuwa bei za vitu zimepanda. Hati hizo, alisema, hufuata mfumuko wa bei. Niliusoma ujumbe huo mara moja, nikajiona mtaalamu.

Katika mkutano uliofuata nikawaambia wenzangu tununue hati fungani za serikali yetu, za miaka 10, kila mtu kwa jina lake, maana kima cha chini ni shilingi 100,000 tu. "Bei zikipanda, riba nayo inapanda," nikasema. Fundi mmoja wa maabara akauliza, "Mwalimu, hilo limeandikwa wapi?" Nikamjibu kwamba ndivyo hati za serikali zilivyo dunia nzima. Watu wakacheka, naye akanyamaza. Mimi mwenyewe sikuwa nimesoma hata tangazo moja la mnada la Benki Kuu ya Uganda.

Lau ningelisoma, ningeona kwamba hati fungani yetu ya kawaida ina kuponi, yaani riba yake, isiyobadilika. Ukinunua yenye kuponi ya asilimia 14, kwa mfano, kila hati ya shilingi 100,000 itakulipa shilingi 7,000 kila baada ya miezi sita, miaka yote kumi, sukari ipande au ishuke. Humo hukatwa kodi ya zuio: asilimia 10 kwa hati za miaka 10 na zaidi, asilimia 20 kwa zile fupi. Mkononi unabaki na 6,300.

Mfumuko wa bei umo ndani ya kuponi hiyo, ila umekadiriwa mara moja tu, siku ya mnada. Mabenki na mifuko ya pensheni hutaja kiwango wanachotaka baada ya kupiga hesabu ya jinsi bei zitakavyokwenda. Wakikosea, hasara au faida ni ya mwenye hati. Serikali haimrudii mtu kumwongezea.

Ile ya binamu yangu haikadirii; hupima yaliyokwisha kutokea. Riba ya I Bond ina sehemu mbili. Ya kwanza hupangwa siku unaponunua na hubaki nawe mpaka mwisho, hata miaka 30. Ya pili hufuata fahirisi ya bei za mlaji na hutangazwa upya kila Mei na Novemba. Mei 2022 sehemu ya kwanza ilikuwa sifuri. Bei zilikuwa zimepanda kwa asilimia 4.81 katika nusu mwaka, ikazidishwa mara mbili, ndiyo ikawa 9.62. Kwa hiyo hata binamu yangu hakuahidiwa 9.62 ya daima. Aliahidiwa miezi sita. Hati zilizouzwa kuanzia Novemba mwaka huo zilianza na 6.89, na ndani yake sehemu isiyobadilika ilikuwa 0.40.

Hati za namna hiyo si ngeni duniani. Uingereza ilianza kuuza hati zinazofuata mfumuko wa bei mwaka 1981, na Afrika Kusini inazo hadi za kuwauzia wananchi wa kawaida. Hapa Uganda mimi ndiye niliyezitoa, kwa mdomo, katika darasa tupu la Kyambogo.

Hadi hapo kosa langu lilikuwa la kutojua, nalo husameheka. Lililofuata ndilo gumu kuandika.

Takwimu za UBOS, idara ya takwimu ya taifa, zilionyesha kwamba mfumuko wa bei, uliokuwa asilimia 2.7 Januari 2022, ulifika 10.7 Oktoba. Benki Kuu, iliyoanza mwaka na kiwango elekezi cha riba cha asilimia 6.5, ilikuwa imekipandisha hadi 10. Kuponi yetu ya kwanza ilipoingia, wenzangu walitazamia nyongeza. Haikuwapo. Usiku ule nilitafuta maelezo na kuyasoma kwa makini kwa mara ya kwanza, nikaelewa yote niliyoyaeleza hapo juu. Asubuhi wakaniuliza. Nikasema, "Subirini, ya pili ndiyo itakayokuwa na nyongeza."

Nilikuwa najua. Nilisema hivyo kwa sababu niliona aibu mbele ya yule fundi wa maabara, na kwa sababu nilitumaini kwamba bei zitashuka watu wasahau.

Mama mmoja wa kikundi, karani, aliniamini. Alikuwa na mtoto wa kupeleka chuo na alitaka kuuza hati zake mapema. Aliposikia maneno yangu akaahirisha, akakopa mahali pengine. Kuponi ya pili ilipokuja sawa na ya kwanza, deni lilikuwa limemlemea, akauza. Hapo ndipo alipokutana na jambo la pili ambalo sikuwaambia. Viwango vya mnada vilikuwa vimepanda, na hati ya zamani yenye kuponi ndogo haina wa kuinunua kwa bei kamili. Chukua hati ile ya mfano ya asilimia 14: ikiwa mpya za miaka 10 zinalipa 16, mnunuzi atakupa kama shilingi 90,000 kwa kila 100,000, ili naye apate 16 yake. Hakuna aliyemwibia. Soko ndivyo linavyosawazisha.

Mwenye I Bond hapitii hayo. Haiuzi sokoni, baada ya mwaka mmoja huirudisha kwa serikali yenyewe, na akiirudisha kabla ya miaka mitano hupoteza riba ya miezi mitatu tu. Thamani yake haishuki hata bei za vitu zikianguka. Ila serikali ile humwekea kila mtu kikomo cha dola 10,000 kwa mwaka. Mimi nilikuwa nimewauzia wenzangu usalama wa karatasi moja kwa jina la karatasi nyingine.

Mama yule aliponieleza alichopata, nilikiri kwake kwanza, kisha mkutanoni. Nilimwomba anikubalie nilipe pengo. Kwa siri nilitumaini atakataa kwa heshima, kama watu wanavyokataa. Alikubali, akaniandikia kiasi, pamoja na riba ya ule mkopo. Nililipa kwa mafungu. Ilikuwa haki yake.

Waliobaki na hati zao sasa wananipongeza. Kufikia 2024 mfumuko wa bei ulikuwa umeteremka hadi asilimia 3 na ushei. Kwa kuponi ya 14, ukiondoa kodi, unabaki na 12.6, ambayo Oktoba 2022 ilizidi kupanda kwa bei kwa chini ya asilimia 2, na miaka miwili baadaye ikazidi kwa zaidi ya 9. "Mwalimu aliona mbali," wanasema.

Sikuona kitu. Kama hati zetu zingekuwa kama nilivyoahidi, mwaka 2024 riba ingefuata bei kushuka, na hao wanaonipongeza wangekuja mlangoni kuuliza pesa zao zimekwenda wapi. Riba inayopanda na bei hushuka nayo, na nusu hiyo ya pili sikuitamka kabisa. Ahadi yangu ilikuwa ya uongo, na hata uongo wenyewe niliueleza nusu.

Uweka hazina niliuacha. Anayeushika ni yule fundi wa maabara. Mtu akija na habari ya mahali pa kuweka pesa, humwomba kwanza alete karatasi yake, kisha amwonyeshe kwa kidole mstari unaosema hivyo. Nami huambiwa hivyo hivyo, na huileta.