Karo za jikoni: anayesugua ukuta aulizwe kwanza



Siku hizi zamu ya likelemba ikimfikia mama, si kitenge tu anachowaza. Wengi wanasema, "Safari hii ni karo za jikoni." Tunafurahi. Hapa Bukavu nyumba nyingi huanza na karo za sebuleni, pale wageni wanapokaa, na jiko pamoja na dushi vinangoja miaka. Kwa hiyo pesa hiyo ikipatikana, ni pesa ya jasho, na haifai kuharibika.

Fundi akifika anauliza, "Tupange namna gani?" Mara nyingi anamwuliza papa pale uani, na mama yuko kwenye mbabula. Papa anachagua kinachopendeza macho. Si kosa. Lakini ukuta wa jikoni unapokea mawese na moshi wa makala, na ule wa dushi unapokea povu la sabuni na ukungu. Karo yenyewe unaipangusa mara moja tu. Uchafu unakwama katika mistari iliyo kati ya karo na karo.

Tukapiga hesabu. Chukueni ukuta wa mita 2 kwa mita moja na nusu. Ukiweka karo ndogo za sentimita 10 kwa 10, zinaingia 300, na mistari ya kusugua inafika karibu mita 60. Karo za 20 kwa 30 ni 50, mistari karibu mita 25. Za 30 kwa 60 ni kama 17, mistari karibu mita 15. Siku maji ya bomba yamekatika na tunabeba bidoni, tofauti hiyo tunaijua mgongoni.

Sasa mpangilio. Wa kwanza ni ulionyooka, mistari inakutana kama msalaba. Karo chache zinakatwa na kazi inaenda mbio, ila ukuta uliopinda unaonekana mara moja.

Wa pili ni kama wa matofali, kila mstari unasogea kidogo. Unaficha kasoro ndogo za ukuta. Lakini karo ndefu zisisogezwe nusu, zisogezwe theluthi. Nyingi zimejikunja kidogo katikati. Ncha ya moja ikikaa kando ya tumbo la nyingine, makali yanatokea na kitambaa kinanasa.

Wa tatu ni wa mshazari. Ni mzuri, hatukatai, lakini kila pembeni karo inakatwa. Kwa ukuta wetu wa karo 50, mpangilio ulionyooka unadai ununue kama 55. Wa mshazari, kama 58, na fundi atatumia muda zaidi, naye muda wake unalipwa. Kwa dushi nyembamba, karo zikilazwa zinaonyesha ukuta kuwa mpana. Zikisimamishwa, dari inaonekana juu zaidi.

Kabla ya kubandika, mwombeni fundi apange mistari miwili chini, pakavu, muone. Aanzie katikati ya ukuta, ili vipande vya pembe mbili vilingane. Kama pembeni panabaki kipande chembamba kama kidole, asogeze nusu ya karo. Mstari wa kwanza aupime kwa nivo na kuutegemeza juu ya ubao ulionyooka, maana sakafu zetu, hasa nyumba za mteremkoni, mara nyingi hazilingani. Tena angalieni namba za maboksi kabla ya kulipa: karo za aina moja zenye namba tofauti zinaweza kutofautiana rangi.

Wengine watasema haya ni mambo madogo. Sisi tumeona kwamba mama akiulizwa kuhusu ukuta wa jiko, ataulizwa pia kuhusu dirisha, mahali pa kutokea moshi, na urefu wa meza ya kuoshea vyombo. Ni mahali anapopitisha nusu ya siku yake, pamoja na mabinti wanaomsaidia.

Basi wapapa, fundi akigonga mlango, mwiteni mama aje aone karo zikiwa bado ndani ya boksi. Na wewe mama, uache mbabula kidogo, uende. Sufuria itangoja.