Uso wa Mizani

Mizani ni mwamuzi kati ya watu wawili, na haifai mwamuzi kumpa mmoja uso na mwingine kisogo. Kwa watu wa Bariadi neno hili si geni. Mkoa wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa zaidi kutoka Shinyanga, ni nchi ya pamba, na mkulima wa pamba huona jasho lake la msimu mzima likigeuka tarakimu moja tu juu ya mizani. Katika miaka ya 1950 wakulima wa Usukuma, Paul Bomani akiwa miongoni mwa viongozi wao, waliungana katika vyama vya ushirika. Na moja katika manung'uniko yaliyowasukuma lilikuwa hili la mizani ya wanunuzi. Mwaka 1955 vyama vyao vilikuwa na shirikisho lililochukua jina la ziwa Victoria. Walichotaka ni kuisoma tarakimu kwa macho yao wenyewe.

Kuna mizani nyingine, ndogo isiyoonekana kwa macho, ambayo mtu huweza kukaa nayo miaka mingi bila ya kuuona uso wake. Nayo ni vipimo vya joto vilivyomo ndani ya kompyuta. Prosesa, yaani ubongo wa mashine, hufanya kazi kwa umeme, na umeme upitao humo hugeuka joto. Ndiyo sababu watengenezaji hutia vihisi ndani yake vya kuipima hali hiyo wakati wote. Joto likiukaribia mpaka, mashine hupunguza mwendo wake yenyewe. Likizidi kupanda, hujizima ili isiungue. Hayo yote hutendeka kimya. Mwenye mashine huona tu kwamba kazi imekuwa nzito, au kwamba kioo kimeingia giza.

Jambo hili lilinifika mwezi wa Oktoba, wakati Simiyu inapongojea mvua na jua halina huruma. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na likizo zangu nyingi hupita Bariadi katika kurekodi maneno ya wazee juu ya pamba: kupanda, kupalilia, kuchuma, kuchambua na kuuza. Sauti hizo zina upepo, kuku na ng'ombe ndani yake, na kuzisafisha ni kazi ya saa nyingi kwa kompyuta. Mmoja wa wazee hao amekwisha kufariki, na aliyoyasema hapana awezaye kumwuliza tena. Kompyuta yangu ya zamani ikawa inazima katikati ya kazi, mara tatu kwa siku moja. Fundi mmoja aliigeuza huku na huku, akasema umri wake umekwisha, ninunue nyingine. Kwa mshahara wa mwalimu hiyo si habari nyepesi.

Mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo, alikuja kunisalimu jioni ile. Baada ya shikamoo na marahaba alisema, "Mjomba, kabla hujanunua nyingine, tuiulize hii."

"Tuiulize nini?"

"Ina joto kiasi gani."

Kompyuta ile huendeshwa kwa Ubuntu, mfumo uliojengwa juu ya Linux, ambayo Linus Torvalds aliianzisha nchini Finland mwaka 1991. Jina Ubuntu ni ndugu wa neno letu utu, na mfumo wenyewe huruhusu mtu kuchungulia kila chumba chake. Programu ya GNOME ya kuangalia mfumo ilikuwamo, nayo ilionyesha kwa mistari ya rangi kazi ya prosesa, kumbukumbu na mtandao, joto halikuwamo. Walakini kipimo kilikuwapo. Linux huweka habari za vihisi katika mafaili yaliyo chini ya /sys/class/hwmon, na faili moja lilipofunguliwa lilitoa tarakimu 61000, yaani nyuzi 61 za Selsiasi, kwa kuwa hesabu hiyo huandikwa kwa sehemu za elfu za nyuzi moja. Ilikuwa imekaa humo siku zote, uso wake umeelekea ukutani.

Kuugeuza hakukuwa kazi kubwa. Tuliweka programu iitwayo lm-sensors. Amri ya sensors-detect ikatafuta vihisi, na amri ya sensors ikavitaja kimoja kimoja. Kisha mpwa wangu akaongeza katika GNOME kiongezo kiitwacho Vitals, na joto likakaa juu ya kioo, kando ya saa. Kwa watumiao KDE Plasma jambo ni jepesi zaidi, maana programu yake ya kuangalia mfumo humruhusu mtu kujitengenezea ukurasa na kuchagua vihisi avitakavyo.

Tulianza tena kusafisha sauti, macho yetu yakiwa juu ya tarakimu. Ikapanda: 74, 85, 93, 98. Mpaka uliotajwa na amri ya sensors ulikuwa 100. Tulizima mashine, tukafungua mfuniko wa chini, na katika njia ya feni tukakuta vumbi limeshikamana na nyuzi za pamba kama sufi ndani ya mto. Nyumba nifikiayo iko jirani na ghala la pamba. Brashi ndogo na robo saa vilitosha. Kazi ile ile iliporudiwa, joto lilisimama kwenye 76.

"Haikuwa inakufa, mjomba," akasema. "Ilikuwa inajiokoa."

Lakini kusoma tarakimu ni jambo moja, na kuielewa ni jambo jingine. Kihisi cha prosesa nyingi za Intel hakisemi joto lenyewe. Husema nyuzi ngapi zimesalia kuufikia mpaka, na Linux huzitoa katika mpaka huo ili kupata joto. Mpaka ukikisiwa vibaya, joto nalo huwa si kweli. Baadhi ya prosesa za AMD za mwaka 2017, kama Ryzen 7 1800X, zilitoa kipimo kiitwacho Tctl kilichozidi joto la kweli kwa nyuzi 20 kwa makusudi, ili feni zitawaliwe kwa namna moja. Mtu asiyejua hayo angeweza kuitupa mashine nzima. Kwa hiyo kila tarakimu yahitaji mambo mawili kando yake: jina la kinachopimwa, na mpaka wa hatari. Pasipo hayo ni mizani iliyogeuzwa uso, lakini isiyoandikwa kama hupima kilo au ratili.

Hapa ndipo wasomi wa lugha wanapoingia. Tuna neno joto, tuna halijoto, na wengine husema jotoridi. Mwanafizikia hutofautisha joto na halijoto: ndoo ya maji vuguvugu ina joto jingi kuliko cheche moja ya moto, ingawa halijoto ya cheche ni kubwa zaidi. Kihisi cha kompyuta hupima halijoto. Tukiyachanganya maneno haya katika vitabu, mwanafunzi wa Maswa au Meatu atabaki na tarakimu mkononi bila kujua anachokipima. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilihusika katika kutoa programu ya ofisi iliyosema Kiswahili, Jambo OpenOffice. Basi njia ilikwisha kufunguliwa, na waendao juu yake wahitajiwa.

Hatua ya kwanza ni ndogo. Programu ya lm-sensors humruhusu mtu kuandika faili lake katika /etc/sensors.d na kukipa kila kihisi jina alitakalo. Mpwa wangu aliniachia kazi hiyo, akasema maneno ni shamba langu. Sasa kompyuta yangu husoma: Halijoto ya prosesa. Nimeipeleka sentensi hiyo kwa wanafunzi wangu, pamoja na mafundisho ya kuiandika, nikawaomba wanitajie majina bora zaidi ya vihisi vilivyosalia. Majibu manne yamekwisha kufika, na mawili yanapingana.