Kodi ya Manzese, Mikorosho ya Dutumi

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa barabara ya Morogoro hupita kwanza katika mji wa nyumba zilizokwisha, kisha katika mji wa nyumba zisizokwisha. Kuanzia Mbezi na Kibamba hadi kufikia Kibaha, pande zote mbili za barabara, ziko kuta za matofali zisizo na paa, na madirisha yasiyo na nondo wala mbao. Wenyeji huyaita mapagale. Mwenye nyumba hununua matofali machache kila apatapo fedha, na huenda miaka kumi ikapita kabla bati la kwanza halijapigwa msumari.

Lakini usidhani, ndugu msomaji, kwamba mapagale hayo ni matupu. Pita jioni utaona moshi mwembamba ukitoka katika dirisha moja. Humo mna kijana aliyewekwa kulinda saruji na mbao zisiibwe. Mara nyingi hana mshahara. Malipo yake ni kulala. Siku nyumba ikiezekwa na kupakwa rangi, yeye hukunja mkeka wake akaenda kutafuta pagale jingine. Hivyo ndivyo ilivyo kwamba katika mji huu mtu aweza kulinda nyumba tatu kwa miaka minane na asiwe na mlango wake mwenyewe.

Kijana mmoja wa namna hiyo nilimkuta Kibamba, amekaa juu ya debe anamenya viazi. Nilimwuliza kwao ni wapi. Alijibu, “Dutumi. Baba ana ekari sita za mikorosho, nami sina pa kutundika shati.” Maneno hayo ndiyo yaliyonitoa mjini mwezi Novemba kwenda kuitazama Dutumi.

Safari yenyewe si ndefu. Basi likishapita Kibaha na Visiga hufika Mlandizi, mji mdogo wenye kelele kubwa, ambako bodaboda humgombania abiria kabla hajashusha mguu wa pili. Karibu na hapo ndipo mtambo wa Ruvu Juu, uliojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, huyavuta maji ya mto Ruvu na kuyasukuma kwenda Dar es Salaam. Nilikumbuka pia magunia ya mkaa niliyoyaona yamefungwa nyuma ya baiskeli na pikipiki, yote yameelekea upande ule ule. Jiji hunywa maji ya Pwani, hupikia mkaa wa Pwani, na sasa linataka kulala Pwani.

Kutoka Mlandizi nilishika njia ya kusini, ielekeayo Mzenga na Maneromango katika Wilaya ya Kisarawe. Huko ni nchi ya Wazaramo. Ardhi huinuka kidogo na kuinama kidogo. Michikichi hapa, minazi pale, mihogo kila mahali, na msitu ambao umekwisha kupitiwa na shoka la mchoma mkaa mara nyingi. Dutumi iko upande wa Kibaha, karibu na mpaka wa wilaya hizo mbili. Siku niliyofika, hewa ilikuwa imejaa harufu kali ya mabibo yaliyoangukia mchangani, harufu ambayo mtu akishaizoea huitamani na asipoizoea humpa kichwa.

Mzee nilimkuta barazani mwa nyumba yake ya udongo, ametandaza korosho juu ya gunia anazichambua.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Mbona Kiswahili chako cha bara?”

Nikamwambia kwetu ni Tabora. Uso ukamkunjuka. “Mnyamwezi! Basi wewe ni mtani wangu. Kama umekuja kununua shamba sikuuzii. Utakalopewa hapa ni kaburi, na hilo ni bure.”

Tulicheka, tukanywa maji ya dafu, ndipo aliponieleza kwa nini utani wake ulianza na habari ya shamba. Wageni wanaokuja na viatu safi siku hizi huja kwa shabaha moja. Dalali hutangulia, mnunuzi hufuata na gari. Tangu treni ya reli ya kisasa ilipoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni mwaka 2024, na tangu bandari kavu ya Kwala ilipoanza kutajwa redioni, madalali wa huku wana nyimbo mbili tu, reli na bandari, nao huziimba hata katika mashamba yasiyosikia honi ya treni. Anayenunua ekari leo huikata vipande vya miguu 20 kwa 20, akaviuza kesho kwa watu waliochoka kupanga mjini.

Mzee alikuwa na haja ya fedha, wala hakuificha. Binti yake amepanga chumba kimoja Manzese, akikaa na watoto wawili na kuuza vitumbua asubuhi. Kodi ilikuwa shilingi 50,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba amepandisha kuwa 70,000, na kama ilivyo desturi ya mjini, anataka miezi sita kwa mkupuo. Yaani shilingi 420,000, kwa mtu ahesabuye faida yake kwa sarafu. Akihama, chumba kingine nacho kitadaiwa miezi sita, na juu yake kodi ya mwezi mmoja ya dalali.

“Nikiuza ekari moja,” alisema mzee, “binti atakaa, na yule wa Kibamba atapata chumba. Kodi ile ikiisha?” Akaokota korosho mbovu akaitupa uani.

Alinipeleka shambani. Ekari aliyotajiwa na dalali ndiyo iliyo kando ya njia, nayo ndiyo yenye mikorosho mikubwa, aliyoipanda mwenyewe akiwa kijana. Kwa desturi ya pwani, ardhi ni kitu kimoja na mti ni kitu kingine; aliyepanda ana haki katika mti hata kama udongo ni wa ukoo. Mnunuzi wa mjini hana habari hiyo. Kwake yeye mkorosho ni kisiki kitakachomgharimu kukin'goa. Jirani mmoja alikwisha kuuza. Tuliona ua wa minyaa umepandwa mstari ulionyooka, na ndani yake hapana nyumba, hapana mhogo, ila kibao kimoja na nyasi.

Nilipokuwa nikitembea nyuma ya mzee yule nilifikiri jinsi jambo hili lilivyo la zamani. Mwaka 1967 Dar es Salaam ilikuwa na watu wapatao 270,000; sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu watu 5,383,728. Kila dawa imejaribiwa. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962, lilibomoa vibanda vya Magomeni na kujenga nyumba bora mahali pake, lakini vibanda vikaota kwingine upesi kuliko nyumba. Aprili 1971 Serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Katika miaka hiyo ya 1970 iliamuliwa kwamba Manzese isibomolewe bali itiwe barabara na maji. Benki ya Nyumba iliwakopesha wajenzi mpaka ilipofungwa mwaka 1995. Sheria ya kudhibiti kodi ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo mpangaji na mwenye nyumba wameachwa waelewane wenyewe, kama kuku na mwewe waelewanavyo.

Jaribio moja wazee wa Pwani hawalisahau. Mwaka 1983, katika kampeni ya Nguvu Kazi, watu wasio na kazi inayotambuliwa walikamatwa mjini wakapakiwa kwenye malori kupelekwa vijijini wakalime. Wengi walirudi karibu pamoja na malori yenyewe. Mzee alipoitaja habari hiyo alitikisa kichwa. “Wakati ule waliletwa kwa nguvu katika mashamba wasiyoyataka. Leo wanakuja wenyewe, na mashamba wanayataka mno.”

Kwa maoni yangu, huo ndio ubaya wa jambo hili ambao mjini hatuuoni. Twasema kodi zimepanda Manzese, kana kwamba kodi ni mgomvi wa mpangaji peke yake. Kumbe hulipwa kwa mikorosho ya mtu asiyewahi kulala Manzese hata usiku mmoja.

Jua lilipoinama mzee alinifungia kiroba: mihogo, nazi mbili, na maembe ya kwanza. “Mpelekee dada yako,” alisema. Hakuniagiza neno lingine.

Nilifika Manzese usiku. Ni nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati, na kila mlango una familia yake na jiko lake la mkaa. Binti alikuwa akiloweka mchele wa vitumbua. Alipokea kiroba kwa mikono miwili, akakinusa kabla ya kukifungua.

“Baba ameuza?” aliuliza.

Nikamwambia bado.

“Kaka yangu asiuze ule upande wa njiani, mwambie ukirudi. Nikitolewa hapa na wanangu, nitarudi wapi?”

Mwisho wa mwezi ulikuwa umebakiza siku tisa. Aliinua mihogo mitatu akaipeleka chumba cha pili, ambako mwenzake alikuwa hajawasha moto siku ile.