Kumfunga Farasi Safarini
Msomaji, farasi ni mnyama wa mbio, akiogopa, hukimbia. Ndani ya trela hana pa kukimbilia, kwa hiyo salama yake i mikononi mwako. Mimi niliyesafiri na farasi wengi nashika kanuni hii: wakati wa kumpakia, komeo la nyuma lifungwe kwanza, kichwa baadaye, wakati wa kumshusha, kichwa kifunguliwe kwanza. Farasi arudiye nyuma akakuta kamba imemkaza hupapatika hata akajiumiza. Kamba isiwe ndefu mguu ukanaswa, wala fupi asiweze kuinama na kukohoa vumbi. Ifunge kwa fundo lifungukalo kwa mvuto mmoja, kwenye kitanzi cha uzi mwembamba wa katani, ukatike kabla shingo haijaumia. Kifungo chema huzuia, na hujua kuachia.